Kipande Nilichokikata

Mwanangu Wakuru,

Barua huanza kwa kumwambia mtu kwamba huku tulipo hatujambo. Ila wewe bado uko hapa hapa Nyasho, Musoma, nyumba ya nne kutoka yetu, unasukwa nywele za safari, na kicheko chako nakisikia nikiwa mezani. Kwa hiyo salamu tuziache. Jua halijazama, mama yako anapiga pasi, na mimi nimejifungia chumba cha nyuma nikisingizia kwamba nasahihisha madaftari. Huo ni uongo wangu wa leo. Ndani ya barua hii hutaukuta mwingine.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia mara tatu kwamba sanduku lisitoke machoni pako, na kwamba Mwanza kuna mawe na kuna watu, na vyote viwili havina huruma. Kula, kusali, kuvaa, kuamka mapema, hayo umelelewa nayo. Mimi nataka kukuandikia kuhusu namba moja tu, ishirini na tatu. Najua umeshaguna hapo ulipokaa.

Utasema, baba, lile jambo lina miaka mitatu, limekwisha. Halijaisha. Lina kipande ambacho wewe hukijui. Nimekificha muda wote huo, na siwezi kukuacha uende kujifunza kupima dawa za watu kabla sijakitoa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha kiasi cha kutosha.

Nianzie mwanzo, maana mwanzo wake ulikuwa mzuri na sitaki tuusahau. Nilikuwa nafundisha hesabu kidato cha kwanza, na kila Januari nilipokea watoto wale wale. Darasa la saba walikuwa wanatafuta x bila wasiwasi, wanajua mlinganyo, wanajua mabano, wanajua hasi na chanya. Wakifika kwangu mambo hayo hayo wanaambiwa kwa Kiingereza, wananitazama kama nimewaita kwa jina la mtu mwingine. Nikasema nitarekodi masomo mafupi kwenye simu, nieleze kwa Kiswahili kwanza, halafu niandike neno la Kiingereza pembeni, wayaone kwamba ni ndugu. Nilinunua ubao wa plaiwudi nikaupaka rangi nyeusi, nikausimamisha kwenye chumba hiki hiki. Simu niliiegesha juu ya matofali. Ikaanguka mara mbili, na mara ya tatu nikakuita wewe uishike.

Ulikuwa na mkono uliotulia, sijui uliutoa wapi, kwangu hukuurithi. Tatizo lako lilikuwa mdomo. Katika somo letu la kwanza kabisa, mimi niko katikati ya kueleza maana ya alama ya sawasawa, unasikika unamuuliza mama yako chumvi iko wapi. Tulicheka wote. Ndipo nikakuwekea sheria, kwamba mshika kamera hasemi. Ilikuwa sheria ya chumvi tu, mwanangu. Niliigeuza kuwa kitu kingine mwenyewe.

Masomo yale yalienda mbali kuliko nilivyotarajia. Yalipita kwenye makundi ya wazazi, yakafika Bunda, yakafika Butiama. Nikaanza kuitwa Mwalimu wa Simu. Sokoni mama mmoja alinikabidhi sato wawili akisema mwanawe ameanza kupenda hesabu kwa sababu yangu, nikarudi nyumbani nimewashika kama kombe. Mpaka leo nayaamini masomo ya video, usije ukadhani nimeyakana. Darasani mtoto akiniambia mara ya tatu kwamba hajaelewa, nakunja uso hata nikijizuia. Kwenye simu anaweza kunirudisha nyuma mara ishirini na mimi nikawa natabasamu vile vile. Anaweza kunisimamisha, akashika kalamu, akajaribu mwenyewe, akanifungua tena. Ubaya wake ni kwamba simu ina mdomo na haina masikio, na mtu anayeongea bila kuulizwa swali wala kupingwa, taratibu kichwa kinamvimba. Changu kilivimba.

Sasa ile Jumamosi. Nilikuwa na haraka, nimeshavaa suruali ya harusi ya binamu yangu Butiama, gari linanisubiri barabarani. Ubaoni nilikuwa nimeandika hivi:

3(x − 2) − 2(x − 5) = 7

Tukafungua mabano. Tatu mara x, tatu mara hasi mbili, sawa. Nikaja kwenye hasi mbili mara hasi tano. Hasi kwa hasi huzaa chanya, nimelisema hilo darasani mpaka watoto wa mtaani wanalijua, na jibu lake ni kujumlisha kumi. Mimi nikaandika kutoa kumi. Wewe nyuma ya simu ukasema, kwa sauti ya chini kabisa, ya adabu:

"Baba, hapo ni jumlisha kumi."

Nikageuka. Nilikukazia macho, ukajua ni macho gani, nikasema, "Mshika kamera hasemi." Nikaendelea mpaka mwisho. X ni sawa na ishirini na tatu. Nikaipigia mstari mara mbili, nikatabasamu, nikatoka mbio kwenda harusini. Hata ile hatua ninayoihubiri siku zote sikuifanya, ya kulirudisha jibu kwenye mlinganyo na kuona kama pande zote mbili zinakubaliana.

Mpaka hapo unajua. Siku zote umeamini kwamba baba yako alikosea, hakukusikia vizuri, akaja kushtuka baadaye. Nimekuacha uamini hivyo kwa sababu kulinisitiri.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya gari la kwenda Butiama nilivaa hedifoni nikaanza kuitengeneza video, nikate ile sehemu uliyosema. Ili kuikata ilibidi niisikilize. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikusikia. Mara ya tatu nikatoa kalamu, nikakokotoa nyuma ya kadi ya harusi, nikapata tatu. Nikarudisha tatu kwenye mlinganyo, ikakubali. Nikarudisha ishirini na tatu, ikaleta ishirini na saba badala ya saba. Nilijua, Wakuru. Kabla hatujafika Butiama nilikuwa najua kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nikakata sauti yako, nikaituma video kama ilivyo, nikaenda kula pilau.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kurekodi upya ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini ningerekodi upya wewe ukiwa umeshika simu, na usingehitaji kuambiwa kitu. Sisi tumekulia mahali ambapo mtoto hamsahihishi baba mbele ya watu, na niliona kama ile simu ni watu, wote wa Musoma na Bunda na Butiama wamekaa humo ndani wananitazama. Nikajidanganya kwamba ni kosa dogo, Jumamosi ijayo nitalirekebisha kimya kimya. Jumamosi ijayo nikafundisha kitu kingine.

Na mimi mwenyewe nilikuwa na kidonda cha zamani. Nikiwa darasa la tano pale Butiama nilinyoosha mkono nikamwambia mwalimu wetu kwamba mstari wa nne ubaoni una kosa. Ulikuwa na kosa kweli. Alilifuta, akalisahihisha, kisha akanitoa nje nikapiga magoti kwenye changarawe mpaka kengele ya mapumziko. Bibi yako aliponiona magoti aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia nimeanguka. Tangu siku hiyo sikunyoosha mkono tena mpaka nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe na hapakuwa na wa kunitoa nje. Ungedhani mtu aliyepigishwa magoti atakuwa wa mwisho kumpigisha mwingine. Wapi. Nilikupigisha magoti kwa macho tu, wala changarawe sikuhitaji.

Baada ya wiki kama tatu akanipigia mwalimu mwenzangu wa Bunda. Alikuwa na heshima zake, akazunguka kwanza kuulizia mvua na pamba, halafu akasema watoto wake karibu wote wameandika ishirini na tatu kwenye jaribio, na alipowakatalia walimwambia Mwalimu wa Simu ndivyo alivyofanya. Niliifuta video siku hiyo hiyo nikadhani nimemaliza. Nikamwambia mama yako kwa kifupi, yaani nilimwambia nimekosea, sikumwambia kwamba nilijua. Alikuwa anashona pindo la sketi, hata hakuinua macho.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, "lakini deki inapigwaga. Nenda ukapige deki. Na uende na huyo aliyekuwa ameshika simu."

Ndiyo ile safari yetu. Tulianzia stendi ya Bunda, kwa Masatu, kwenye kile kibanda chake cha kuwaingizia watu nyimbo na sinema kwenye memori kadi. Kumbe alikuwa ameyapanga masomo yangu katikati ya sinema za mapigano na kwaya, na alinipokea kwa furaha ambayo iliniumiza.

"Mwalimu, hii yako inatembeaga kuliko muziki," alisema. "Wenye mabasi wanachukuaga, wavuvi wanachukuaga."

Kwenye kompyuta yake kuifuta ilikuwa kubonyeza mara moja. Ila kadi zilizokwisha kuondoka hazina kamba ya kuzivuta. Ukamuuliza wewe, si mimi, kama anawakumbuka waliochukua masomo yote. Akakumbuka vijana wa Butiama, na mama mmoja wa kisiwani Rukuba, aliyekuwa anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtu mzima.

Vijana wa Butiama hawakutusumbua. Tuliwakuta Mwitongo, jirani na kwa bibi yako, tukarekebisha hesabu kwa kijiti kwenye vumbi, wakacheka, wakasema kumbe hata walimu. Bibi yako akatupa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akakutania kwamba umeanza kutembea kama mkaguzi wa shule. Ulicheka sana pale. Nakikumbuka kicheko hicho kwa sababu kesho yake kiliisha.

Kesho yake tukapanda boti pale Mwigobero kwenda Rukuba. Tukamkuta yule mama, Nyangeta, anaanua dagaa, watoto wawili wanamzunguka, mikono imejaa magamba. Aliponitambua alijifuta haraka kwenye kanga na kunipigia goti, mimi, akaniita mwalimu wake. Nikamwambia kuna somo moja la mabano nimekuja kulirekebisha. Aliingia ndani akatoka na daftari lililovimba kwa unyevu. Ukurasa mzima ulikuwa na hesabu ile ile, ameifanya mara sita, saba, na kila mara pembeni ameandika 27 na alama ya kuuliza.

"Mimi nilirudishaga jibu, mwalimu, kama unavyosemaga," alisema. "Kila mara inakuja ishirini na saba. Nikasema mwalimu hawezi kukosea, basi ni hii akili yangu imezeeka. Nikaacha. Tarehe za kujiandikisha zimepita juzi."

Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, Wakuru. Alifuata hatua ambayo mimi niliiruka. Alilishika kosa langu mkononi mara saba, na mara zote saba akadhani ni lake. Mwaka mzima wa maisha yake uliondoka pale.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema kwamba kwenye kurekodi nilijisahihisha, ila simu ikakata kile kipande. Nyangeta akakugeukia wewe. Alikuwa hajakasirika, alitaka tu kuelewa.

"Wewe ndiye ulishikaga simu? Ilikata kweli?"

Ulinitazama kidogo. Kisha ukasema, "Ndiyo, ilikata."

Watu wengi wamenidanganya maishani, wanafunzi hasa, na nimezoea. Hakuna uongo ulionichoma kama ule uliosemwa kwa ajili yangu. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Sikukufundisha kusema uongo kwa mdomo wangu, nilikufundisha kwa kukata sauti yako uliposema kweli, na wewe ni mwanafunzi mwepesi. Kwenye boti wakati wa kurudi ulikata chapati yako ukanipa nusu, ukanipa ile nusu kubwa, kama vile mimi ndiye niliyeumizwa. Niliila. Nakuomba radhi hata kwa ile chapati.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea miaka mitatu. Ulirudi kushika simu Jumamosi chache, mdomo umeufunga. Siku moja, na hili pia hulijui, nilikosea makusudi. Niliandika ubaoni kwamba nane mara saba ni hamsini na nne, nikasimama kando nikasubiri. Nilitaka nikusikie. Mkono wako haukutikisika wala hukukohoa. Nikafuta mwenyewe nikasema leo tuishie hapa, nimechoka, na kweli tangu siku hiyo niliyaacha masomo kwa muda mrefu. Mama yako alidhani ni mafua.

Ripoti zako za shule zilikuja na alama nzuri za hesabu, za fizikia, za kemia. Kila muhula, chini kabisa, mwalimu wa darasa aliandika kwamba hachangii darasani. Kila muhula nilitia sahihi yangu juu ya maneno hayo nikijua ni kazi ya nani.

Halafu ikaja barua ya chuo, famasia. Mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna harusi. Mimi nilifurahi, Mungu ananiona, nilifurahi mpaka nikatoka nje nikasimama. Na nikiwa pale nje nikaogopa. Maana famasia nayo ni milinganyo. Uzito wa mtoto, nguvu ya dawa, mililita ngapi, mara ngapi kwa siku, na mwisho wake kuna mtu anameza. Siku moja daktari mwenye jina kubwa na haraka zake, labda naye amevaa suruali ya harusi, ataandika nukta mahali pasipo pake. Wewe utaiona, kwa sababu wewe huona. Nikajiuliza kama utasema, au utashika chupa kama ulivyoshika simu, mkono umetulia, mdomo umefungwa.

Kwa hiyo wiki iliyopita, niliposema nina semina Bunda, nilipanda boti.

Nyangeta bado yuko Rukuba na bado anaanika dagaa. Mwaka uliofuata alijiandikisha, akafanya mtihani, hesabu akapata C, cheti amekifunga kwenye nailoni kisije kikanuka samaki. Mchana, dagaa wakiwa juani, wanawake wa kambi humkusanyikia pale kivulini na simu yake moja, anawafundisha. Nilifika wakiwa katikati ya somo. Alikuwa anafungua video, anaifunga, anawaambia, msimwamini huyu mpaka mmerudisha jibu. Huyu aliyekuwa anasemwa ni mimi, nimo ndani ya simu, natabasamu.

Nilimwomba tusogee kando nikamwambia yote. Kwamba simu haikukata, mimi ndiye niliyekata, na nilikata nikijua. Nilitegemea atasema yameisha, mwalimu, kama watu wanavyosema ili mgeni asiaibike. Hakusema.

"Mwaka wangu mmoja, mwalimu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Basi sikuwa mjinga."

Nikasema hukuwa, hata siku moja. Akaanza kulia, mimi pia machozi yakanitoka, na wale wanawake wakajifanya wanageuza dagaa. Alipotulia akauliza habari zako.

"Na yule binti, alijua?"

"Alijua," nikamwambia. "Alisema pale pale. Mimi nilimnyamazisha."

Akafikiri, akavuta kanga yake vizuri, akasema, "Basi mwambie siku nyingine aseme mara ya pili. Mara ya kwanza mkubwa anasikiaga kiburi chake. Mara ya pili ndiyo anasikiaga neno."

Nimekuletea maneno hayo kama yalivyo, sikukata hata moja. Nilikuwa nimepanga kukuandikia ushauri wangu mwenyewe, nimeufikiria kwenye boti njia nzima, wenye aya na mifano, na nikauacha, maana wa Nyangeta ameulipia mwenyewe. Nitaongeza kidogo tu kutokana na niliyoyaona upande wangu, upande wa aliyeshika chaki. Mtu anapokukazia macho kwa sababu umemsahihisha, mara nyingi ameshakusikia. Hasira yake ndiyo hodi ya ukweli. Mimi nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza, na ungesema mara ya pili ningefoka, ningekutoa nje, ningekununia mpaka Jumatatu, lakini nisingeweza kuituma ile video. Nakwambia hivyo kama mtu anayemjua huyo mzee vizuri. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye koti jeupe, na mwanafunzi nyuma yako akanong'ona kwamba hapo ni jumlisha, utaona jinsi uso unavyopata moto. Uache upate moto. Geuka, kokotoa tena, mbele yake. Kosa si kosa, kosa kurudia kosa, na mimi nililirudia kila siku niliyonyamaza.

Sina wasiwasi na wewe. Nilikuwa nao nilipoanza ukurasa wa kwanza, sasa hivi sinao, sijui umekwenda wapi. Aliyegundua kosa akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, anakitazama kioo na ubao kwa pamoja, na akalisema kwa adabu, huyo hakufundishwa ujasiri na mtu, alikuja nao. Mimi niliufunika tu. Naona fahari juu yako kuliko ninavyojua kusema nikikutazama usoni, ndiyo maana nimejifungia na kalamu. Nisamehe, mwanangu. Sikuombi ujibu kabla hujafika.

Jambo la mwisho. Ile video ya awali, ambayo sijaikata, sikuwahi kuifuta. Nilikata nakala tu, yenyewe imekaa kwenye memori kadi ya simu ya zamani miaka yote hii. Nilipotoka Rukuba nikaitafuta nikaikuta. Iko yote, sauti yako, na mimi nageuka, na macho yale, na mshika kamera hasemi. Sijapendeza humo ndani. Nimeongeza dakika tatu mwishoni, nimesimama mbele ya plaiwudi yetu, nimeeleza nilichofanya, nimefungua mabano upya na kulirudisha jibu. Jumapili nimeituma kila mahali nilipotuma ile ya kwanza, na nakala nimempelekea Masatu. Mama yako ameitazama. Alimaliza, akarudi kwenye cherehani, akasema leo ndiyo deki imekauka.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi lako dogo, uisome kukishapambazuka. Ukiimaliza utakuwa hujafika mbali. Basi litasimama stendi ya Bunda, na Masatu hufungua mapema. Ile televisheni yake anaigeuza iangalie mabasi, na spika anaitoa nje ili wateja wamsikie. Nimemwomba kesho asubuhi asianze na kwaya wala na mapigano. Fungua dirisha. Utamsikia msichana wa miaka kumi na sita akimwambia baba yake, mbele ya stendi nzima, kwamba hapo ni jumlisha kumi.

Jibu ni tatu, Wakuru. Ulikuwa sahihi.

Baba yako